Dawa Ilinituliza, Wenzangu Wakaniinua

Siku mgonjwa wa akili anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jamaa zake wengi hushusha pumzi na kudhani kwamba kazi imekwisha. Wamehangaika vya kutosha. Wamelipa gharama, wamepanda matatu mbili kila siku ya kutembelea wagonjwa, wametunga visingizio kazini ili wapate ruhusa. Sasa mtu wao anatoka akiwa ametulia, anawaita watu kwa majina yao, anakula na kushiba. Wanamshika mkono na kumrudisha nyumbani. Kumbe hapo ndipo safari inapoanza.

Sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni. Mimi ni mume na baba wa watoto wawili, na kazi yangu ni ukarani wa hesabu. Mwaka wa 2016 niliugua maradhi ambayo humpandisha mtu hadi kilele cha furaha isiyo na sababu, kisha yakamporomosha hadi bondeni kusiko na mwanga. Kwa muda wa wiki tatu hivi sikulala zaidi ya saa mbili kwa usiku mmoja. Nilizungumza bila kituo. Nilitaka kutoa akiba yetu yote benki ili ninunue basi la abiria, basi ambalo hata mwenyewe hakuwa akiliuza. Hatimaye mashemeji zangu wawili walinipeleka hospitalini, nikalazwa wiki tano. Madaktari na wauguzi walinitibu vyema, na dawa walizonianzishia ndizo ninazomeza hadi leo. Sina lawama nao hata kidogo.

Ninayotaka kukusimulia ni yale yaliyofuata, kwa maana hayo ndiyo yasiyozungumzwa sana.

Nilirudi mtaani nikiwa na mfuko wa dawa na kadi ya kliniki iliyoonyesha kwamba ningeonana na daktari tena baada ya wiki sita. Kazini nilikuta kiti changu kina mwenyewe. Jirani aliyekuwa akimleta mtoto wake kila Jumatano nimsaidie hesabu alikoma kumleta, na tulipokutana ngazini akawa na haraka kubwa. Mama watoto alivihesabu visu vya jikoni kila usiku, akidhani sioni. Simlaumu. Alikuwa ameona mambo ambayo hakuna aliyemweleza maana yake.

Na kila mtu alikuwa na swali moja tu kwangu. Nikicheka kwa sauti: "Umemeza dawa?" Nikikaa kimya: "Umemeza dawa?" Nikikasirika kwa sababu makanga amekataa kunirudishia chenji, jambo ambalo lingemkasirisha hata padri: "Kwani leo hukumeza dawa?" Ikawa sina tena haki ya kuwa na furaha wala hasira ya kawaida kama watu wengine. Kila nilichofanya kilikuwa dalili.

Nilipokwenda kliniki, muuguzi mmoja aliyenizoea aliniambia, "Baba, kuna watu ningependa uonane nao. Ni wagonjwa kama wewe, ila wao wana miaka mingi nje." Akanielekeza katika ukumbi wa kijamii wa mtaa mmoja huku Eastlands, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane mchana. Nilienda shingo upande. Nilitarajia kukuta watu wanaozungumza peke yao. Nikakuta watu kumi na mmoja wameketi duara kwenye viti vya plastiki, wakibishana juu ya bei ya sukuma wiki.

Aliyeketi karibu nami alikuwa mama mmoja wa makamo anayechuuza mboga. Aliponikaribisha hakuniuliza kama nimemeza dawa. Aliniuliza, "Mwanangu, jana ulilala saa ngapi, na ukaamka saa ngapi?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa kama fundi anayesikiliza injini. "Yangu mimi huanzia kwenye usingizi," akasema. "Nikilala saa tatu usiku mbili mfululizo, namwambia binti yangu twende kliniki kabla ya siku yangu kufika. Yako wewe huanzia wapi?"

Msomaji, tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Daktari alitaka kujua dalili nilizokuwa nazo, na hiyo ndiyo kazi yake. Jamaa zangu walitaka kujua kama nimepona. Lakini mama huyu alitaka kujua ninavyouona ugonjwa wangu ukija kutoka mbali, kwa sababu yeye alikuwa amejifunza kuuona wake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, maiti hawezi kurudi kumfundisha mwenzake. Sisi tuliougua tunaweza.

Hebu nikueleze jinsi kikundi kama hicho kinavyoendeshwa, maana watu wengi hudhani ni mahali pa kulia pamoja. Tuna masharti machache na tunayashika. Kwanza, linalosemwa pale hubaki pale. Pili, kila mtu huzungumza habari zake mwenyewe. Ni marufuku kumwambia mwenzako "wewe ungefanya hivi". Unasema "mimi nilifanya hivi". Tatu, hakuna anayemwambia mwingine aache dawa, apunguze dawa au ajaribu dawa ya mtu mwingine. Hayo ni ya daktari. Nne, hakuna mahubiri na hakuna siasa. Kila mmoja huchanga shilingi hamsini za chai na mandazi, na asiyekuwa nazo hunywa chai hiyo hiyo bila kuulizwa.

Baada ya miezi michache niligundua kwamba mazungumzo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni mambo madogo madogo ya maisha. Wawili wenye kliniki siku moja husindikizana, ili mmoja asitoroke foleni kwa hofu. Dawa zikikosekana katika duka la hospitali ya umma, kuna anayejua ni duka gani mjini linaziuza kwa bei nafuu. Yupo aliyetueleza kwamba mtu ambaye maradhi yake ya akili yamemletea ulemavu anaweza kupimwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baadhi yetu hawakuwa wamewahi kusikia jambo hilo katika miaka yote ya kuugua. Tuna chama pia, kama vyama vyote vya akina mama na vijana unavyovijua, na kutokana na chama hicho mama muuza mboga alinunua mkokoteni, nami nikapata nauli ya kutafutia kazi niliyo nayo sasa.

Aidha, kila mmoja wetu, akiwa mzima, huandika ukurasa mmoja. Juu huandika dalili zake za kwanza. Chini yake huandika majina ya watu wawili wa kupigiwa simu, dawa zinazomfaa na zinazomdhuru, nani awachukue watoto, nani azungumze na mwajiri. Nakala moja huwa nyumbani na nyingine kwa mwenzake kikundini. Wangu niliuandika pamoja na mama watoto. Tangu siku hiyo aliacha kuhesabu visu, kwa sababu sasa alijua la kutazama. Badala ya kuniuliza kama nimemeza dawa, huniuliza kama nimelala. Ni swali dogo, lakini lilirudisha amani nyumbani mwetu.

Huenda ukadhani haya ni mambo tuliyojibunia sisi wa Nairobi. La hasha. Mwaka wa 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wao akiwa daktari, waligundua kwamba mlevi husikilizwa na mlevi mwenzake kuliko anavyosikilizwa mtu mwingine yeyote, na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho mikutano yake hufanyika hata hapa kwetu.

Jirani zaidi, nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake mmoja aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumleta hospitalini. Daktari huyo akaona kwamba kama mgonjwa hawezi kumfikia, basi msaada ndio uende mtaani. Mwaka wa 2006 alianza na akina nyanya kumi na wanne katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Akawafundisha kumsikiliza mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsaidia kuchagua tatizo moja na kupanga hatua ya kulitatua. Waliposaidiwa hivyo, wengi walijiunga na vikundi vya kuzungumza huku wakishona mifuko ya kuuza. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa mwaka wa 2016, na yalionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi ya aina hiyo yamefika Malawi na hata Zanzibar.

Na Kenya yetu haikuachwa nyuma. Shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, ambalo liliundwa na watu waliougua wenyewe, limekuwa likiendesha vikundi vya kusaidiana hapa Nairobi kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa huduma za akili katika jamii mwaka wa 2021, lilivitaja vikundi hivyo miongoni mwa mifano mizuri ya ulimwengu mzima. Je, ulikuwa na habari? Wengi wetu hatuna, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba maradhi ya akili yana mlango mmoja tu, ule wa Mathari kando ya barabara ya Thika, hospitali iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1910. Hospitali hiyo inahitajika na itaendelea kuhitajika. Lakini mtu hakai hospitalini maisha yake yote. Anakaa Umoja, Kangemi, Likoni au Nyalenda, na huko ndiko anakotakiwa kupata nafuu. Hata sheria ya afya ya akili ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, ilizipa serikali za kaunti wajibu wa kuifikisha huduma hii karibu na wananchi. Kinachosalia ni kuona sheria hiyo ikitoka kwenye karatasi na kuingia zahanatini.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, hapa kuna lako. Katika kikundi chetu alijiunga kijana wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja. Alikuwa mwerevu na mcheshi. Mwaka wa 2019 akaanza kukosa mikutano, na alipoandikiwa ujumbe alijibu kwa neno moja tu: "Sawa." Sisi wengine tulidhani ni mitihani. Mama muuza mboga akasema, "Huyu hajibu hivi." Jioni hiyo hiyo watu wawili walipanda matatu hadi chumba alichokodi. Walimkuta hai, lakini alikuwa ameshaandika barua ya kuaga. Walikaa naye hadi alfajiri, wakampeleka hospitalini.

Nakumbuka jinsi wazazi wake walivyotuomba tusiseme lolote kwenye meza ya mapokezi. Hofu yao ilikuwa na msingi. Wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa ambalo mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Hebu fikiria mtu aliyefika mwisho wa kamba yake, naye anaogopa kuomba msaada asije akapelekwa kizimbani. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kijana wetu alikuwa amekwisha kufuzu zamani. Alipopata habari hizo alinipigia simu, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyesema neno.

Nisingependa, hata hivyo, uondoke hapa ukidhani kwamba kikundi ni hirizi. Mwezi Machi 2020 mikutano ilipigwa marufuku kote nchini kwa sababu ya korona, na ukumbi wetu ukafungwa. Tukawa tunapigiana simu. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori aliyekuwa amesimamishwa kazi, aliuza simu yake ili alipe kodi ya nyumba, kisha akahama. Tulimtafuta katika mitaa miwili. Tulipompata, tulimpata kwenye tangazo la mazishi. Hadi leo kiti chake hukumbukwa kwanza kabla ya chai kunywewa. Kifo chake kilitufundisha kwamba kukutana si anasa ya watu wasio na kazi. Kwa baadhi yetu ni kama dawa yenyewe. Ukiikata ghafla, mtu huumia.

Tena jihadhari, kwa maana si kila mkusanyiko ni wa kusaidiana. Ukiambiwa uache dawa ili uonyeshe imani, ondoka. Ukitozwa ada kubwa ya kusikilizwa, ondoka. Mtu akitaka kupiga picha machozi yako na kuyaonyesha watu bila idhini yako, ondoka upesi zaidi. Na iwapo mgonjwa wenu amefungwa minyororo mahali fulani kwa kisingizio cha kuombewa, basi mkamfungue. Maombi ni haki ya kila mtu, lakini mnyororo haujawahi kuwa maombi.

Sasa wewe uliye na ndugu, mke, mzazi au mpangaji mwenzako aliyetoka wodini, ufanye nini? Mwulize alivyolala. Mwulize ugonjwa wake huanzia wapi, na umsikilize bila kumkatiza, kisha muandike pamoja ule ukurasa mmoja. Mrudishie kazi zake za nyumbani kidogo kidogo. Anayenyimwa hata kuosha vikombe hujiona mzigo. Mwache akasirike anapokasirishwa na acheke anapochekeshwa. Nenda naye kliniki mara moja, ukamwulize muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu kama kuna kikundi cha karibu. Mara nyingi kipo, ila hakina kibao mlangoni.

Na kama hakipo? Chetu kilianza na watu watatu waliojuana kwenye foleni ya dawa. Hawakuwa na ofisi wala mfadhili. Walikuwa na siku moja ya mwezi, mahali pa kukaa pasipo na kelele, masharti manne na muuguzi mmoja aliyekubali kupigiwa simu mambo yakizidi. Shuleni na vyuoni inawezekana pia, mradi mshauri wa wanafunzi awe anajua mnakutana na awe tayari kuitwa.

Iwapo hali ni ya hatari usiku wa leo, usingoje Jumamosi. Usimwache mtu huyo peke yake. Piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu, au 1192 ya NACADA ikiwa tatizo linahusu pombe na dawa za kulevya. Nambari zote mbili hazitozwi. Kisha mpeleke katika hospitali iliyo karibu, na ukae naye hadi daktari aje.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tutakuwa ukumbini kama kawaida, saa nane. Miezi miwili iliyopita aliletwa kijana aliyetoka wodini siku tisa tu zilizotangulia, akiwa na mfuko wake wa dawa mapajani na macho chini. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa karibu nami. Nilimsogezea kikombe cha chai, nikamwuliza alilala saa ngapi.